Kitambaa, Uzi na Sindano: Jinsi ya Kununua Vitakavyostahimili Jua la Garissa

Kabla ya kwenda dukani, fungua kabati utoe nguo zilizochoka. Litazame baati (gauni pana la kike) la kazi za jikoni, kanzu ya mtoto anayesoma duksi (chuo cha Kurani), sare ya shule ya mwaka jana na foronya za mito ya sebuleni. Angalia kila moja imeanza kuharibika wapi. Ni chache sana zilizotoboka katikati ya kitambaa. Nyingi zimefumuka kwapani, zimeachia pembeni mwa mfuko, zimetatuka kandokando ya mshono wa nyuma, au zimepauka mabegani huku upande wa ndani ukiwa bado na rangi yake. Kila jeraha lina chanzo chake. Mshono uliofumuka unazungumzia uzi. Kitambaa kilichochanika kando ya mshono mzima kinazungumzia sindano au ufumaji. Bega lililopauka linazungumzia rangi. Anayejua kusoma majeraha hayo ataingia dukani akijua anatafuta nini.

Watu wa Kaskazini Mashariki hawahitaji kufundishwa kukagua bidhaa. Katika soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya makubwa zaidi Afrika Mashariki, hakuna anayemnunua ngamia kwa kung'aa kwa manyoya yake. Mnunuzi atamfungua kinywa atazame meno, atampapasa nundu, atamtembeza amwone anavyokanyaga. Kitambaa, uzi na sindano vinastahili ukaguzi wa namna hiyo hiyo, kwa sababu mng'ao wa dukani ndio wa kwanza kuondoka. Kinachobaki ni muundo: msokoto wa uzi, ufumaji wa kitambaa, na ncha ya sindano. Huo ndio unaolipiwa.

Mahali nguo itakapoishi

Mjini Garissa joto la mchana hupita sentigredi 35 mara kwa mara, na jua huwaka karibu mwaka mzima. Miale yake huchujua rangi, na pia hupunguza nguvu ya nyuzi zenyewe. Pamba hudhoofika polepole. Nailoni hudhoofika haraka kuliko wengi wanavyodhani, ingawa ikiwa mpya haikatiki kirahisi. Poliesta huvumilia jua kuliko zote mbili.

Maji nayo yana tabia zake. Msimu wa mvua Mto Tana huteremka na tope, na kanzu nyeupe hulibeba tope hilo. Wajir, visima vingi vina maji magumu yenye chumvi. Sabuni haitoi povu kirahisi, kwa hiyo mfuaji huongeza sabuni na kusugua zaidi. Kila msuguo huo unakula nyuzi. Halafu kuna vumbi la mchanga, ambalo huingia kati ya nyuzi na kuzisaga kila nguo inapokunjwa.

Kuna pia umbali. Vitambaa vingi vinavyouzwa Soko Mugdi, mjini Garissa, na maduka ya jirani hupitia Eastleigh, Nairobi, mtaa ambao biashara yake ya leo ilifunguliwa njia mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ilipogeuzwa kuwa maduka. Kutoka huko hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 350, na Wajir na Mandera ziko mbali zaidi. Mwenye duka hawezi kurudisha jora zima kwa sababu ya mita zako nne. Ukaguzi wote ufanyike kabla ya mkasi kugusa kitambaa.

Anza na kitambaa

Kitambaa huchaguliwa kwanza, kwa kuwa ndicho kinachoamua uzi na sindano. Jambo la kwanza kujua ni kimetengenezwa kwa nini. Usitegemee jina la dukani, kwani "pamba" ya muuzaji mara nyingi ni mchanganyiko. Omba uchomoe uzi mmoja wa mtande, yaani nyuzi za urefu, na mmoja wa mshindio, yaani nyuzi za kukingama. Chomoa zote mbili, maana kuna vitambaa ambavyo mtande ni poliesta na mshindio ni pamba. Toka nje ya duka, mbali na bidhaa, uziwashe kibiriti juu ya kifuniko cha bati. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini linalopotea ukilisugua. Viskosi hufanya hivyo hivyo. Poliesta hukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu kisichopondeka kwa vidole. Jivu lenye chembe ngumu ndani yake ni la mchanganyiko. Hariri ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua. Ikinuka plastiki, ni poliesta iliyopewa jina la hariri.

Kila aina ina kazi yake, mradi uijue. Pamba ikilowa huongezeka nguvu, ndiyo maana kanga na shuka za pamba huvumilia kufuliwa na kukamuliwa miaka mingi. Viskosi, inayopendwa kwa mabaati kwa sababu hutiririka mwilini na kupitisha hewa, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ikiwa majini, hata kufikia nusu. Kitambaa hicho si kibaya. Kinataka kufuliwa kwa mkono mwepesi na kuanikwa bila kunyongwa. Ukijua nguo itafuliwa na msichana mwenye haraka au kwa maji magumu ya kisima, chagua pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta.

Baada ya hapo inua kitambaa kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Ufumaji mzuri huonyesha matundu madogo yanayolingana. Ukiona mistari minene na myembamba, au madoa ya mwanga hapa na giza pale, nyuzi zake hazikusokotwa sawa na zitaanza kuachia sehemu nyembamba. Angalia kama mshindio umekingama sawasawa kutoka pindo hadi pindo. Ukipanda upande mmoja, nguo itakunjamana ikifuliwa na mshono wa ubavuni utahamia tumboni. Hakuna fundi awezaye kurekebisha hilo.

Sasa sugua kitambaa kwa kitambaa kwa nguvu, juu ya nguo nyeusi au juu ya kiganja. Unga mweupe ukidondoka, huo ni wanga au udongo uliojazwa kuongeza uzito. Ukifua mara moja, uzito huo utaondoka na utabaki na wavu. Ujanja huu ni wa zamani. Katika karne ya 19 viwanda vya Lancashire, Uingereza, vilijulikana kwa kushindilia wanga na udongo mweupe ndani ya pamba ya bei nafuu. Merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi iliyoletwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, ilipendwa na wanunuzi wa pwani na bara kwa uimara wake, na ni Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilivyopunguza shehena zake. Pwani hii ilijua kitambaa kizuri hata kabla ya hapo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba mji huo ulifuma vitambaa visivyo na mfano, vilivyosafirishwa hadi Misri. Kwa hiyo mama anayesugua kitambaa kwa kidole katika duka la Garissa anafuata desturi ya karne nyingi.

Jaribio linalofuata wengi hulisahau, nalo ndilo linalookoa nguo za kubana na foronya za kukaliwa. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, halafu vuta kuelekea pande mbili. Nyuzi zikiteleza na kuacha uwazi usiofungika, mshono wowote utakaoshonwa hapo utafunguka hivyo hivyo, hata uzi uwe wa chuma. Satini nyepesi na krepu laini huwa na ugonjwa huu. Ukizipenda sana, zishonee nguo pana zisizovutwa, na uache sentimita 2 za ziada ndani ya mshono.

Rangi hujaribiwa kwa leso nyeupe iliyolowa. Sugua mara kadhaa. Leso ikichukua rangi, nguo itachujuka na itapaka nyingine kwenye beseni. Kwa vitambaa vya kuchapwa, geuza upande wa nyuma. Rangi iliyopenya hudumu kuliko iliyokaa juu tu. Macawiis nzuri, shuka la kiunoni la wanaume, haina wasiwasi huo, kwa kuwa miraba yake hufumwa kwa nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi, na pande zote mbili hulingana. Ukikuta macawiis ambayo upande wa ndani umepauka, imechapwa kuiga iliyofumwa, na bei yake iteremke kulingana na hilo.

Mwisho, pima upana. Vitambaa huja na upana wa inchi 45 hivi, yaani sentimita 114, au inchi 58 hadi 60, takriban mita moja na nusu. Kitambaa cha bei ya chini kwa mita lakini chembamba kinaweza kukugharimu zaidi, kwa sababu utahitaji urefu mwingi. Uliza pia kinapimwa kwa yadi au kwa mita. Yadi ni sentimita 91.4. Ukinunua yadi 10 ukidhani ni mita 10, umekosa karibu sentimita 86, na hizo ni mikono miwili ya nguo ya mtoto. Kwa pamba ongeza kidogo tena, kwani pamba isiyotibiwa inaweza kurudi sentimita 3 hadi 5 katika kila mita. Iloweke, ianike, uipige pasi, ndipo ukate.

Kitambaa gani kwa kazi gani

Kwa sare ya shule, tafuta mchanganyiko wa poliesta na pamba uliofumwa kwa mistari ya mshazari inayoonekana ukiinamisha kitambaa. Ufumaji huo hustahimili madawati na mpira wa mchana kuliko ufumaji wa kawaida. Mchanganyiko unaotumika sana ni poliesta 65 na pamba 35 kwa kila 100. Soma maandishi kwenye pindo la jora, kwani viwanda vingi, vikiwemo vya humu nchini, huandika jina lao au mchanganyiko wao hapo. Mtoto anayetembea juani kwenda shule asivalishwe poliesta tupu, haifyonzi jasho.

Kwa jilbabu na abaya nyeusi, poliesta ina faida kubwa: rangi nyeusi hudumu na kitambaa hakikunjamani. Tafuta yenye uzito wa kuanguka vizuri bila kushikamana na mwili, na ikatwe pana ili hewa ipite. Kama nyumbani mnatumia pasi ya makaa, kumbuka haina kidhibiti cha joto. Poliesta huyeyuka karibu na sentigredi 260, na hulainika na kung'aa kabla ya kufika huko. Weka kitambaa cha pamba juu yake kila unapoipiga pasi.

Kwa magodoro ya sebuleni na mito ya kuegemea, nunua kitambaa kizito kisichoteleza nyuzi, na usikubali kung'aa kwa uzi wa dhahabu kukushawishi. Nyuzi hizo za mapambo hukatika kwanza, kisha huchoma ngozi za watoto.

Uzi: soma namba

Mazungumzo kama haya husikika kila siku.

"Huu ni namba ngapi, walaal?"

"Huu ni uzi mzuri, hooyo. Umetoka Dubai."

Dubai ni bandari uliyopitia. Namba ya uzi imeandikwa chini ya koni au kwenye kifuniko cha rili, na mnunuzi ana haki ya kuiona. Ukiona 40/2, maana yake ni nyuzi mbili za namba 40 zilizosokotwa pamoja. Namba ya kwanza ikipanda, uzi ni mwembamba zaidi. Namba ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa. Kwa hiyo 20/2 ni mnene kuliko 40/2, na 20/3 ni mnene zaidi. Watengenezaji wengine huandika Tkt: 120 ni wa nguo za kawaida, 80 ni wa vitambaa vizito kiasi, 40 ni wa turubai na mikoba. Hapo pia namba kubwa ni uzi mwembamba. Uzi usio na namba yoyote wala jina la mtengenezaji uuache dukani.

Kwa baati, kanzu, hijabu na sare nyepesi, poliesta ya 40/2 inatosha. Wengi huona uzi mnene ndio imara, wakashonea baati laini uzi wa turubai. Kanuni ya ushonaji ni kwamba mshono uwe dhaifu kidogo kuliko kitambaa. Mshono ukikatika, utaushona tena kwa dakika chache. Kitambaa kikikatwa na uzi wenye nguvu kukizidi, hakuna dawa ila kiraka.

Chagua poliesta kwa nguo za kuvaliwa juani. Uzi wa pamba una uzuri wake kwa kushona kwa mkono na kwa kitambaa cha pamba kitakachopakwa rangi baadaye, ila jua huuchosha kabla ya poliesta. Nailoni usiiweke kwenye turubai la hema au pazia la dirishani linalopigwa na jua kutwa. Uzi wa kudarizi unaong'aa, ambao mara nyingi ni wa viskosi, ubaki kwenye madarizi. Ukishonea mshono utakatika siku ya kufua. Kwa kazi ngumu, kama jaketi za sare na mikoba ya vitabu, uliza uzi ambao kiini chake ni poliesta ndefu isiyokatwa, ukafunikwa kwa nyuzi fupi. Ni ghali kidogo, lakini hukaa.

Kisha ujaribu. Fungua mita moja. Ushikilie mbele ya kitu cheusi kama ni mweupe, au cheupe kama ni mweusi. Uzi mzuri una upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Vinyweleo vingi, vifundo na sehemu nene zinazofuatwa na nyembamba ni dalili ya nyuzi duni. Zitakatika kwenye tundu la sindano na kujaza cherehani vumbi. Shika ncha mbili za uzi wa urefu wa mkono, halafu zikaribishe polepole uzi uning'inie kama kitanzi. Ukijizungusha mara chache ukatulia, msokoto wake umekaa sawa. Ukijinyonga wote kwa fujo, utafunga vifundo mashineni. Mwisho ukate kwa kuvuta. Unaokatika bila kuumiza kidole, ukiwa unalingana kwa unene na mwingine unaokataa, ama ni duni ama umezeeka.

Kuzeeka ni jambo la kuzingatia hasa huku kwetu. Rili zilizopangwa kwenye dirisha la duka au juu ya meza nje hupigwa na jua miezi mingi. Zungusha rili uone kama upande mmoja umepauka. Kama ndivyo, omba ya kwenye rafu ya ndani. Pia bonyeza kiini chake na uilinganishe kwa uzito na nyingine ya chapa hiyo hiyo. Kuna koni zenye kiini kinene na uzi kiduchu, huku zikidai kuwa na yadi 5000.

Kuhusu rangi, usilinganishe rili nzima na kitambaa. Fungua uzi mmoja, ulaze juu ya kitambaa, utoke nacho nje kwenye mwanga wa jua. Uzi mmoja huonekana mweupe kuliko ulivyo kwenye rili, kwa hiyo ukisita kati ya mbili, chukua iliyokolea.

Sindano: ndogo, lakini yaamua

Sindano ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na ndiyo inayoharibu nguo nyingi zaidi, kwa kuwa watu huitumia mpaka ivunjike. Mafundi na watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya saa 8 hivi za kushona. Sindano butu haikati kitambaa siku hiyo hiyo; huvunja nyuzi moja moja, ndani kwa ndani, na miezi miwili baadaye kitambaa huchanika kufuata mstari wa mshono.

Kwanza jua aina inayoingia kwenye cherehani yako. Mashine za nyumbani, zikiwemo nyingi za kukanyaga za Singer na Butterfly, hutumia sindano yenye shina lililo bapa upande mmoja, inayoandikwa HAx1 au 130/705 H. Mashine za kiwandani za kushona mshono ulionyooka hutumia yenye shina la mviringo, mara nyingi DBx1. Kuilazimisha ya aina nyingine ni kuua ndoana ya mashine. Kama huna uhakika, nenda dukani na ile ya zamani.

Halafu soma ukubwa. 90/14 maana yake sindano ina unene wa milimita 0.9. Kwa voili, shifoni na baati nyepesi tumia 70/10 au 75/11. Kwa pamba ya kawaida na sare nyepesi, 80/12 au 90/14. Kwa kitambaa kizito, 100/16, na kwa turubai 110/18. Kitambaa cha kuvutika kama jezi ya hijabu kinahitaji ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi pembeni bila kuzikata. Krepu na satini ya poliesta zinahitaji ncha nyembamba kali, ndipo mshono usikunjamane.

Chapa zinazoaminika na mafundi, kama Schmetz na Groz-Beckert za Ujerumani na Organ ya Japani, zina thamani yake, ila pakiti huigwa. Kagua sindano yenyewe. Ilaze upande bapa juu ya kioo. Mwanya kati ya sindano na kioo uwe sawa hadi karibu na ncha. Ikiinama hata kidogo, irudishe. Pitisha ncha taratibu juu ya ukucha. Ikichora mkwaruzo, ina kijino cha chuma kisichoonekana kwa macho. Jaribio la mwisho ni zuri kuliko yote. Tunga uzi utakaoutumia, unyooshe sentimita 30 kati ya mikono miwili, uinamishe kidogo. Sindano ikiteremka yenyewe hadi chini, tundu na uzi vinaelewana. Ikikwama, tundu ni dogo mno au lina makali yatakayokula uzi.

Sindano za mkono zina hesabu ya kinyume: namba kubwa ni sindano ndogo. Ya chuma kizuri ukiikunja kidogo hurudi ilivyokuwa. Duni hubaki imepinda. Kwa magunia, mikeka na turubai nunua shazia yenye tundu lililolainishwa ndani, lisikate uzi. Jasho la mikono lina chumvi na huleta kutu hata katika ukame, kwa hiyo zihifadhi ndani ya kitambaa kikavu chenye tone la mafuta ya cherehani.

Vijaribu pamoja kabla ya kukata

Vitu vitatu vizuri vikiwa peke yake vinaweza kugombana vikikutana. Kata kipande cha kitambaa chako, kikunje mara mbili, ukishone kwa urefu wa sentimita 10 kwa uzi na sindano ulizonunua. Mishono 10 hivi kwa inchi inafaa nguo nyingi. Vuta kwa urefu wa mshono: ukikatika papo hapo, uzi umekazwa mno au hauna nguvu. Vuta kwa kukingama: ukiona ngazi za uzi zikijitokeza, mkazo ni mlegevu. Tazama kando ya mshono dhidi ya mwanga. Matundu makubwa yanadai sindano ndogo zaidi. Kisha ukifue kipande hicho kwa maji ya nyumbani kwako, yale yale ya Tana au ya kisima, ukianike juani jioni na asubuhi. Kikikunjamana kwenye mshono peke yake, kitambaa kimerudi na uzi haukurudi. Ni afadhali ulijue hilo kwenye kipande cha kiganja kuliko kwenye nguo ya Idi.

Safisha pia sehemu ya bobini kwa brashi kila unapoanza kazi mpya. Vumbi la Garissa likichanganyika na mafuta huwa tope, na tope hilo hupachika doa jeusi kwenye kanzu nyeupe.

Pesa iende wapi

Ukiwa na fedha chache, usipunguze kwenye uzi wala sindano. Katika gharama ya nguo nzima vitu hivyo viwili ni sehemu ndogo, na kuvibana huua kitambaa kilichokula pesa zote. Punguza mapambo, punguza mng'ao, au chukua kitambaa chenye rangi ya kawaida lakini ufumaji mzito. Nunua pakiti moja ya sindano nzuri na koni mbili za uzi wenye namba, nyeupe na nyeusi, uziweke nyumbani. Rangi nyingine nunua rili ndogo kadiri ya nguo.

Na usione haya kuuliza. Mfanyabiashara wa Soko Mugdi, wa Hagadera au wa Wajir huagiza Eastleigh kile alichoona kikitoka haraka dukani. Wateja wakiuliza rangi tu, ataleta rangi. Mmoja akiomba kuona namba ya uzi, huenda akaonekana msumbufu. Wakiomba wengi wiki moja, mwenye duka ataiuliza yeye mwenyewe kwa muuzaji wa jumla kabla ya kupakia lori, na uzi usio na namba utakosa safari ya kuja Garissa.